YAH: PASKAZIA KUIAMRISHA PAMPU AKIWA KATIKATI YA MAONGEZI

Ofisi ya Utaratibu,
Kikundi cha Wachimbaji Jikwamue,
Shinyanga mjini.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mzee Maduhu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na ng'ombe wamepata majani. Mimi mzima, ila moyo umechafuka, na aliyeuchafua ni Paskazia, binti uliyemwajiri atutunzie kompyuta.

Unajua kwamba ofisi hii na watu wetu wa kule duarani, yaani kwenye shimo letu la dhahabu upande wa Bulyanhulu, tunawasiliana kwa ile programu ya kuchati yenye maandishi matupu kwenye kioo cheusi. Haina picha wala vikatuni vya kucheka, na ndiyo maana niliipenda. Sikujua kwamba ina mlango wa nyuma. Mtu akianza mstari kwa alama ya mkwaju, kile kijistari kilicholala (/), akaandika neno exec, halafu amri, kompyuta inaacha kusikiliza maongezi na inatii amri hiyo papo hapo. Na kwa kuwa kompyuta ya ofisi imeunganishwa na ile ndogo inayowasha pampu ya duarani, binti huyu anaweza kuiwasha bila hata kunyanyuka kitini.

Jumanne asubuhi aliiwasha. Mvua ilikuwa imenyesha, maji ya shimo la jirani yakapasua ukuta na kuingia kwetu, na mchimbaji wetu Mayala na wenzake walikuwa chini. Kudra, mama anayesimamia pampu juu ya shimo, akaandika kwenye chati: "Maji yanaingia! Swichi imeungua, pampu haiwaki!" Wakati huo nilikuwa nakumbusha watu kuhusu muhtasari wa kikao, na kwa upole kabisa nikamjibu kwamba tungeanza na salamu. Kabla Kudra hajasalimia, Paskazia akapiga mkwaju wake. Pampu ikanguruma. Mayala na wenzake wakapanda wakiwa na tope hadi shingoni.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Chati ni mahali pa kuongea. Mtu anayeongea aongee, na anayeamrisha akaamrishe kwingine. Tukiruhusu mambo kufanyika palepale yanapozungumzwa, Mzee, vikao vyetu vitabaki na kazi gani?

2. Hakuomba idhini. Nilipomwita ofisini aliniamkia vizuri, kisha akasema, "Baba Limi, wangekufa wale." Nikamwambia ndiyo, lakini wangekufa kwa utaratibu. Akanitazama kama mtu anayetazama redio mbovu. Naomba mtazamo huo nao uingizwe kwenye jalada lake.

3. Jibu la kompyuta, "pampu inafanya kazi", lilitokea mbele ya watu wote, hadi wapishi. Taarifa za namna hiyo hupita kwanza kwangu, nami huzitoa zikiwa zimeiva. Toka lini mpishi akajua jambo kabla ya Katibu Msaidizi?

4. Tangu siku hiyo wachimbaji wamepoteza adabu. Mke wa Mayala amejifungua na mtoto ameitwa Paskazia. Katika utumishi wangu wote sijasikia mtoto aliyeitwa Donatus, jina langu, kwa sababu ya muhtasari ulioandikwa vizuri.

5. Hili ndilo zito. Kazi yangu ni kupokea ombi kutoka duarani, kulitafakari, kuligonga mhuri na kulirudisha kwa bodaboda. Kama mstari mmoja wa maandishi unafika kabla bodaboda hajavaa kofia, kesho watu watauliza mimi ni wa nini. Keshokutwa watauliza kuhusu wewe, Mzee, maana hata Mwenyekiti hana mkwaju.

Kwa hiyo naomba uwezo huo ung'olewe. Atakayetaka kuwasha pampu atoke kwenye chati, aage, ahamie chumba kingine, aandike ombi na kulileta mezani kwangu. Nisipokuwepo, maji yaambiwe yasubiri. Aidha, Paskazia ahamishiwe kwenye kufagia, kwa kuwa ufagio hauna amri za siri.

Msalimie mama, wajukuu, majirani wote wa Isaka, na yule shemeji wa kwenye malori.

Wako mtiifu katika taratibu zote,

Donatus,
Katibu Msaidizi (Utaratibu).

N.B. Baada ya kuigonga mhuri barua hii nilikwenda nayo duarani ili wachimbaji waiunge mkono kwa saini. Wote walikuwa chini wakigoma kupanda kwa ajili yangu, basi nikavaa gambuti nikashuka mwenyewe. Sijamaliza kuwasomea aya ya kwanza, ukuta ukapasuka tena na maji yakanifika kiunoni. Nilipiga yowe, "Mayo wane, mama yangu! Kudra, mwambie Paskazia aandike!" Kudra akaniuliza kutoka juu kama kuna idhini. Nilimjibu maneno ambayo Katibu hapaswi kuyatamka mbele ya wachimbaji. Pampu ikawaka, Mayala akanishika ukosi akanivuta, na sasa nimekaa juani, nimevaa khanga ya Kudra. Barua imeshagongwa mhuri, siwezi kuifuta. Nakuomba sana, Mzee, uipoteze.