Kompyuta Itakayomjua Mwenyewe

Jumatatu, 4 Machi

Siku mbaya kwa ofisi, njema kwangu. Mteja mmoja aliketi mezani kwa Afisa Madai, akasubiri, akachoka. Afisa Madai alikuwa ameenda kunywa chai na kompyuta ameiacha wazi. Mteja akaigeuza upande wake, akasoma faili lake la bima, halafu akasoma la jirani yake. Meneja aliwaka! Alitukusanya wote akasema hataki kuona kompyuta iko wazi bila mtu mbele yake. Mwenye dawa aipeleke kwake. Tena Ijumaa ya wiki ijayo atamtangaza Mkuu mpya wa Kitengo cha Kompyuta.

Kitengo kina watu wawili. Mimi, na mwenzangu tunayemwita Pasi kwa jinsi anavyonyoosha mashati. Kiti cha ukuu nimekisubiri miaka kumi na mmoja. Nimefika nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba sasa ni changu. Akauliza nimeteuliwa au nimejiteua.

Jumanne, 5 Machi

Pasi amepeleka dawa yake. Watu wafundishwe kubonyeza vitufe viwili vya kufunga kompyuta kila wanapoinuka. Basi. Ndiyo hiyo! Nilimhurumia kweli.

Yangu ni nyingine kabisa. Kidude kidogo mfano wa kifungo cha koti, kila mfanyakazi na chake. Kinawasiliana na kompyuta yake kwa bluetooth, ile ile ya kurushiana picha kwenye simu. Mtu akienda zaidi ya hatua tano, kompyuta inajifunga. Akirudi, inafunguka yenyewe, bila neno la siri. Kwenye barua nimekiita Kitambuzi cha Ukaribu. Meneja alisoma mara mbili, akasema nijaribu. Pasi alisema hongera. Unafiki mtupu.

Jumatano, 6 Machi

Jaribio mbele ya Meneja. Kidude mfukoni. Nikaondoka, kioo kikawa giza. Nikarudi, kikawaka. Nikaondoka tena, safari hii kinyumenyume, ili nimwone uso. Nikagonga kabati la mafaili. Hata hivyo ikajifunga! Meneja alitikisa kichwa, nadhani kwa kukubali. Vidude thelathini vimeidhinishwa.

Jioni nimewapigia simu mashemeji zangu wote wanne kuwaarifu kwamba wanaongea na Mkuu wa Kitengo. Mke wangu amenuna. Anasema nitamwaibisha kwa kaka zake. Nimemwambia asiwe na haraka ya kuaibika.

Ijumaa, 8 Machi

Vidude vimefika. Swali likawa vikae wapi. Mfukoni vitafuliwa. Kwenye funguo za nyumbani vitaachwa nyumbani. Wazo limenijia nikiwa naoga, povu usoni: kwenye vitambulisho! Kila mtu anacho, na Mlinzi hamwingizi mtu bila hicho, hata awe nani.

Kuvikusanya hakukunipa shida. Vyote vilikuwa vimening'inia ubaoni pale mlangoni, kila kimoja kwenye msumari wake, kama kila siku. Nimevibandika vidude mgongoni kimoja kimoja kwa gundi ya viatu. Havitoki ng'o. Nimevirudisha ubaoni. Pasi alipita, akatazama ubao, akanitazama mimi, akauliza kama nimelifikiria vizuri jambo hili. Nikamwambia kufikiri ndiyo kazi yangu.

Jumatatu, 11 Machi

Saa mbili kamili asubuhi nimewasha mfumo. Saa mbili na dakika moja ofisi nzima giza. Kompyuta zote zimejifunga, wenyewe wameketi mbele yake wametoa macho. Isipokuwa ya Dada wa Mapokezi. Yeye anakaa chini ya ubao.

Ni sheria ya Mlinzi. Ukiingia unatundika kitambulisho, ukitoka unakichukua, ili moto ukizuka ajue nani yumo ndani. Nimetundika changu kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja. Hata leo nilikitundika, ndipo nikaenda kuwasha mfumo.

Nilimfuata Mlinzi, nikamwomba awaache watu waingie navyo. Akakataa. Akauliza moto ukizuka, nitakuja mimi kuhesabu majivu? Nikamkumbusha anaongea na nani. Akasema ndiyo, hebu nimkumbushe, maana hajui. Foleni ya wateja ilifika kwenye ngazi. Saa nne nikauzima mfumo.

Jumanne, 12 Machi

Nimeshinda! Programu ina sehemu ya kupangia umbali. Mimi nilikuwa nimeacha hatua tano. Leo nimeusogeza hadi mwisho, hatua hamsini. Sasa kila kompyuta inakiona kidude cha mwenyewe kutoka ubaoni, kuta za mbao haziwezi kitu. Tangu asubuhi hakuna kompyuta hata moja iliyojifunga. Hata watu walipoenda kula! Hata walipoenda msibani kwa mwenzetu, ofisi nzima, kwa muda wa karibu saa mbili, maana waliondoka kwa mlango wa nyuma na vitambulisho wakaviacha. Malalamiko sifuri. Afisa Madai amenipa mkono. Meneja amesema kesho wanakuja wakaguzi kutoka makao makuu, atawaonyesha.

Pasi amesema kwa sauti ya chini kwamba ana swali moja tu. Nikamwambia alilete kwa maandishi.

Mchana sikuwa na kazi. Nimechora ofisi mpya ya kitengo kwenye kompyuta: meza yangu dirishani, Pasi stoo. Halafu nimeandika hotuba ya kushukuru. Imetoka vizuri mno.

Jumatano, 13 Machi

Nitaandika kwa kifupi. Wakaguzi watatu walifika saa nne. Mimi nilikuwa msalani naiweka tai sawa. Meneja hakunisubiri. Akawapeleka mezani kwangu, akawaambia hii ni kompyuta ya fundi mwenyewe, fundi hayupo, basi haifunguki hata kwa dawa. Akagusa kipanya.

Ikafunguka. Kitambulisho changu kilikuwa ubaoni kinafanya kazi yake.

Niliporudi walikuwa wameinama wote wanne wanasoma. Hotuba yangu inamshukuru Meneja kwa kunitambua, ingawa amechelewa. Inasema pia kwamba namsamehe. Mkaguzi mmoja alikuwa kwenye mchoro wa ofisi, anauliza huyu aliyewekwa stoo kati ya ndoo na ngazi amefanya nini. Pasi alisogea akatazama mchoro kwa makini. Akasema tu kwamba stoo haina soketi ya umeme. Alisema taratibu, bila kinyongo. Afadhali angenitukana.

Meneja alitembea kutoka meza hadi meza akigusa vipanya. Zote zikafunguka. Zote!

Ijumaa, 15 Machi

Mkuu ni Pasi. Imetangazwa saa tatu asubuhi. Vitufe viwili. Watu wamefundishwa kwa dakika nne, pamoja na maswali.

Nilidhani nitamwaga unga. Meneja aliniita, akasema nibaki, na nisimshukuru yeye, nimshukuru Pasi, ambaye amemwomba tangu juzi. Nimetoka pale nimeumia. Kuchukiwa na Pasi nilishakuzoea, nilikuwa nakutegemea.

Nyumbani nimemweleza mke wangu. Hakunisuta. Alinipa chai, akachukua simu, akawapigia kaka zake mwenyewe, mmoja mmoja, akawaambia hiyo nafasi haikupatikana. Kwa wote wanne alisema haikupatikana. Hakusema nimeikosa. Nilikaa nimeshika tama nikimsikiliza.

Jumatatu, 18 Machi

Mkuu wa Kitengo ameagiza nivibandue vidude. Gundi haisikii. Nimetumia kisu. Vitambulisho vinne vimekatika, kimoja cha Meneja, na Mlinzi amekataa kumwingiza hadi aletewe barua.

Saa sita vidude vyote vilikuwa mezani kwangu. Nikavitazama kwa muda mrefu. Ghafla nikaelewa kosa lilikuwa wapi. Mtambo haukukosea hata mara moja! Kosa ni watu. Ukimpa mtu kidude atatembea nacho, atakitundika, atakisahau. Kidude kinatakiwa kikae mahali pamoja, ambapo hakiwezi kupotea.

Nimefunga changu kwa uzi wa viatu nyuma ya kioo cha kompyuta yangu. Nikaenda hadi mwisho wa ukumbi, nikarudi. Ikafunguka papo hapo! Nimerudia mara saba, na mara zote saba imefunguka. Nikamwita Mlinzi akae kwenye kiti changu. Ikamfungukia na yeye, bila hata kusita.

Barua kwa Meneja imeshaandikwa, nakala makao makuu. Ninaomba uzi mita thelathini.