Jinsi Mama Mkasi Alivyopiga Hodi Kwake Mwenyewe

Sogeeni, enyi mliokuja kwa ajili ya habari na enyi mliokuja kwa ajili ya kiti cha bure! Tueni ndoo, zimeni redio, mnyamazisheni mtoto anayelia na baba yake anayekoroma, kwa maana leo sisimulii mambo ya vitunguu na viberiti. Nasimulia vita. Nasimulia habari za Mama Mkasi, mshona nguo asiye na mfano, Simba wa Sindano, mtia adabu mapindo ya suruali, aliyewavalisha maharusi wa mtaa mzima asikosee kiuno hata cha mmoja. Na jinsi alivyosimama mbele ya mlango wa nyumba aliyoijenga kwa jasho la cherehani yake, akatamka pale neno ambalo ulimi wake haukupata kulitamka tangu msingi ulipochimbwa. Ewe koo langu, usinikaukie. Maji nitakupa nikimaliza.

Ilikuwa hivi. Watoto wa Mama Mkasi walikua, wakaoa na kuolewa, wakatawanyika huku na huko, na nyumba ikampwaya kwa ukubwa wake kama koti la baba lililovaliwa na mtoto. Mama akatafakari, akahamia chumba cha uani alichokuwa akihifadhia vitambaa, yeye na cherehani yake, na ile nyumba kubwa akampangisha Muuguzi. Huyu alikuwa binti mrefu, mpole, mwenye viatu vyeupe visivyotoa sauti, aliyekesha akiwauguza watu na kulala mchana. Mama Mkasi alimpenda tangu siku alipoingia na sanduku lake. Ila alimpenda kama mtu ampendavyo mgeni, akiamini moyoni kwamba nyumba ingali yake yote, kuanzia kizingiti mpaka chini ya kitanda.

Na chini ya kitanda ndiko vita vilikoanzia. Asubuhi moja Muuguzi alikuwa amezama usingizini, mara akahisi godoro likitikisika. Akafumbua macho. Akaona mpini wa fagio ukichomoza chini ya kitanda chake, ukifuatwa na kilemba, na kilemba kikifuatwa na uso wa Mama Mkasi, umejaa utando wa buibui na wema.

"Lala tu, mwanangu," ukasema ule uso. "Mimi nafagia."

Yowe alilopiga Muuguzi lilimfanya kinyozi wa ng'ambo ya barabara amnyoe mteja njia ambayo hakuiagiza.

Ikabidi aitwe Shemeji Karani, mdogo wa marehemu mume wa Mama Mkasi, mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama lakini mahakama ikakataa kumtoka. Alifika na tai yake. Akapanda ngazi ya mbele, akakohoa, akanyoosha mkono mmoja kwa mwenye nyumba na wa pili kwa mpangaji, akanena kwa sauti ya kufungulia kikao:

"Sikilizeni, nyote wawili! Mwenye nyumba ana haki, tena kubwa, kwamba nyumba yake isiharibiwe; kwa hiyo mpangaji hatagusa bomba, ukuta wala paa bila ya mwenyewe kuwapo. Na mpangaji ana haki, tena si ndogo, ya kukaa kwa raha zake bila kufagiwa; kwa hiyo mwenye nyumba hataingia humu mpaka apige hodi, na hodi hiyo iitikiwe. Ua na vyote vilivyomo ni vya shemeji yangu. Nimesema!"

"Nimekubali," akasema Muuguzi.

"Hata mimi," akasema Mama Mkasi upesi, maana alidhani hilo la hodi limesemwa kwa ajili ya kupamba hotuba.

Wakaishi kwa amani. Kila jioni Muuguzi akienda kazini alisimama uani akauliza, "Umeshindaje, mama?" na kila jioni Mama Mkasi alijibu kwa kirefu, mgongo, goti, wateja, yote, na Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho ilhali gari lake linamwacha. Hapo ndipo Mama Mkasi alipotambua kwamba tangu watoto waondoke hakuna aliyemuuliza swali hilo akangoja jibu. Hakumwambia mtu, lakini alianza kuisubiri jioni.

Ndipo bomba la jikoni likaasi.

Tone! Tone! Tone! Halikuwa bubujiko la kuita zimamoto, la; lilikuwa tone la kiburi, tone lenye kujua linachokifanya, likiangukia sufuria tupu mchana kutwa pembeni ya usingizi wa Muuguzi. Muuguzi alikuwa na mikono ya kulikaza, lakini alikuwa ameahidi kutogusa bomba. Mama Mkasi alikuwa na spana, lakini alikuwa ameahidi kutoingia bila hodi. Mizani ya Shemeji Karani ilikuwa imelingana sawasawa, na kwa kulingana huko ikakwama pale pale, haiendi juu wala chini, na bomba likawacheka wote wawili.

"Mama," Muuguzi aliita kutoka dirishani, macho mekundu, "bomba linavuja."

"Nalisikia, mwanangu. Ukuta wetu si mmoja?"

"Basi njoo utengeneze. Piga hodi tu, nitakufungulia."

"Wewe uache mlango wazi, nitajipenyeza."

"Hapana, mama yangu. Tulikubaliana hodi. Nikiacha hodi leo, kesho utakuja na fagio."

"Hodi!" Mama Mkasi akashika kiuno. "Mimi? Kwangu? Dirisha hilo uliloshika nililipaka rangi mimi! Umewahi kuona wapi mtu akipiga hodi kwenye nyumba yake, kama muuza mayai?"

Akarudi chumbani kwake, akaanza hila za vita. Alikwenda mlangoni akakohoa kikohozi cha kuamsha kijiji. Mlango haukufunguka. Akaimba. Akaangusha mfuniko wa sufuria kwenye saruji, kwa bahati mbaya iliyopangwa.

"Nani?" sauti ikauliza.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi mwenyewe!"

"Mwenyewe nani?"

"Mwenyewe mwenyewe!" akafoka Mama Mkasi, akatambua kwamba mtaa wote umetoa vichwa nje, akajifanya anachunguza ukuta kama una nyufa. Hodi haikutoka. Ilifika kwenye meno ikageuka.

Mchana uliofuata Muuguzi alikuja mwenyewe mpaka mlango wa chumba cha uani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Mama, nisipolala nitampa mgonjwa dawa ya mwenzake. Kuna chumba nimeambiwa, kule karibu na kazini. Kesho nakwenda kukitazama. Sitaki kuhama. Ila ninalala wapi?"

Alipokwisha kuondoka, Mama Mkasi aliketi kwenye cherehani yake, akaikanyaga kwa nguvu zote, na alipoinua kazi yake akakuta amemshonea mteja mkono wa shati kwenye kola. Simba wa Sindano! Katika umri wake wote hakuwahi. Akautazama mkono ule uliochomoza shingoni, akaiona nyumba kubwa ikiwa imefungwa madirisha, na jioni ikipita uani bila ya kuulizwa ameshindaje. Akaogopa. Naam, aliogopa, wala sioni haya kulisema, maana hakuna shujaa aliyetoka kupigana kabla ya kuogopa.

Akasimama akajivika silaha. Kilemba alikikaza mpaka nyusi zikapanda. Futi ya kupimia aliivaa shingoni kama nishani. Kipira kipya cha bomba alikitia kwenye kidole gumba kama pete ya kifalme, na mkononi akashika spana, Spana ya Marehemu, yenye kutu ya heshima, akaiambia:

"Ewe chuma! Mume wangu alikushika akakaza mabomba ya ndugu zake wote, na hawakumshukuru. Leo nakushika mimi. Ulimi wangu ukilegea, wewe usilegee!"

Akaingia vitani. Uani alikutana na jeshi jeupe limejipanga kwenye kamba, likipepea: sare za Muuguzi! Kwenye kamba yake! Na Shemeji Karani alisema waziwazi kwamba ua na vyote vilivyomo ni vyake! Moyo wa Mama Mkasi ukaruka kwa furaha ya vita, maana hapa palikuwa na kosa zima, bichi, la kumtupia adui usoni na kubatilisha hodi zote za dunia. Lakini alipolishika gauni la kwanza aliona pindo limefumuka, limeshikizwa kwa plasta ya vidonda. Akaitazama ile plasta. Akaliachia gauni taratibu, akainama, akapita chini ya jeshi zima bila kuumiza askari hata mmoja.

Akafika mlangoni. Oh, mlango ule! Yeye ndiye aliyeuchagua, yeye ndiye aliyemgombeza seremala mpaka ukafunga vizuri. Ufunguo wake wa akiba ulikuwa kiunoni, ukimtekenya. Akavuta pumzi, akafumba macho, na neno likatoka.

"Hodi."

Likatoka dogo sana, kama vile limekuja kuazima chumvi. Mdudu aliyekuwa kizingitini huenda alilisikia. Zaidi yake, hakuna. Na laiti Mama Mkasi angaliweza kuona kupitia mbao zile, angalimwona Muuguzi upande wa pili, miguu mitupu, mkono kwenye komeo, sikio mlangoni, akinong'ona, "Sema, mama. Sema tu, nakuomba."

Mama Mkasi akapanua kifua. Akawakumbuka maharusi wote aliowavalisha. Akafungua kinywa.

"HODIII!"

Njiwa waliruka kutoka kwenye bati la jirani. Kinyozi akaweka mashine chini mapema, kwa uzoefu. Na kwa kuwa watu wana adabu zao, mtaa mzima, kushoto na kulia, madukani na jikoni, ukaitikia kwa pamoja: "Karibuuu!"

Mlango ukafunguka kabla ya mwangwi kwisha.

"Karibu, mama," Muuguzi akasema, huku akicheka na machozi yakimtoka. "Karibu ndani. Na mimi nina kosa, nisamehe. Nimeanika kwenye kamba yako, sikukuomba."

"Kamba gani?" akauliza Mama Mkasi. "Sijaona kamba."

Akawekewa kiti. Kilikuwa kiti alichokinunua yeye, na hakuwahi kukikalia, kwa kuwa kilikuwa cha wageni. Akashangaa kuona kilivyo kizuri. Kisha akainuka, akalishika bomba shingoni, Spana ya Marehemu ikalia mara moja, kipira cha zamani kikatoka kimechakaa, kipya kikaingia, na tone la mwisho likaning'inia, likawaza, likarudi lilikotoka.

Kimya kikaijaza nyumba.

"Ahsante, ma..." Muuguzi alianza, na usingizi ukamchukua palepale kwenye kochi, mdomo wazi.

Hapo, enyi wasikilizaji, ndipo palipokuwa na vita vyenyewe. Mlinzi amelala! Nyumba iko wazi! Na juu ya kabati, Mama Mkasi aliliona, lilikuwako vumbi. Vumbi nene, la kuandikia jina. Na fagio lilikuwa pale pembeni, likimtazama. Mkono wake ukanyooka wenyewe. Vidole vikagusa mpini. Akamtazama binti aliyelala, akalitazama vumbi, akaguna kama anayeng'olewa jino; kisha akaurudisha mkono wake kwa mkono wa pili, akatoka kwa ncha za vidole, akauvuta mlango ukajifunga.

Alipofika ngazini akakumbuka kwamba spana imebaki jikoni.

Ufunguo ulikuwa kiunoni. Mama Mkasi hakuugusa. Akaenda kulichukua lile gauni kwenye kamba, akarudi nalo na sindano, akaketi kwenye ngazi ya nyumba yake akishona pindo mpaka jua likapoa na kishindo cha vikombe kikasikika ndani.

"Hodi," akasema, bila hata kuacha kushona.

"Pita tu, mama!" Muuguzi akaitikia. "Mbona unajisumbua? Hapa si kwako?"

"Ni kwako, mwanangu," akasema Mama Mkasi. "Mimi nimefuata spana tu."

Basi waambieni watoto wenu, na watoto wenu wawaambie wapangaji wao, kwamba katika siku ile mwenye nyumba alipiga hodi kwake mwenyewe, tena zaidi ya mara moja, na mbingu hazikuanguka. Shemeji Karani alivaa tai akasema yote yalikuwa mpango wake. Na chumba cha karibu na kazini hakuna aliyekwenda kukitazama. Jioni ile Muuguzi alisimama uani, gauni lina pindo jipya, gari lake likipiga honi barabarani.

"Umeshindaje, mama?"

Na Mama Mkasi akamweleza.