Michembe Iliyoota Mabawa

Tabora nzima tulikuwa wawili tu tuliojua nani humwamuru kifaranga ndani ya yai bawa liote wapi: Dokta Rustika na mimi. Dokta ana shahada tatu. Mimi nina nusu ya diploma. Jumlisha, gawanya kwa wawili, kila mmoja ana moja na robo tatu!

Bawa halioti ovyo, jamani. Kuna protini inayozunguka humo yaini kama mjumbe wa nyumba kumi: "Wewe bawa, kaa hapa! Wewe mguu, shuka chini!" Kumnasa mjumbe huyo kunataka kingamwili, maji fulani ya thamani yanayomng'ang'ania yeye tu. Ukidondosha maji ya yai kwenye karatasi, kisha kingamwili juu yake, pale alipo panageuka zambarau.

Kingamwili yetu ilibaki tone moja. Kuagiza nyingine, miezi mitatu! Mababu zangu wapagazi walibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, zikafika. Mimi nilitakiwa kuvusha tone kutoka kwenye friji hadi mezani. Hatua nne.

"Gervasi," Dokta aliniambia akienda kikaoni, "madoa matatu nimeshayaweka kwenye karatasi. Ukifanikisha, naandika barua chuo wakurudishe. Ila fuata maelekezo yote."

"Dokta, nenda tu. Kazi umemwachia mwenyewe!"

Maelekezo, hatua ya tatu: *Loweka karatasi kwenye maziwa saa nzima.*

Nilicheka mpaka mama Advera wa usafi akaacha kudeki.

"Mama, ati karatasi inywe maziwa! Imezaliwa lini?"

"Fanya ulivyoambiwa, mwanangu."

"Hiyo ni lugha ya kisomi. Maana yake msaidizi apumzike, anywe chai."

Kopo zima la maziwa ya unga likaishia kwenye birika. Chai nzito, kijiko kinasimama!

Kisha nikamimina tone. Lahaula! Karatasi ikageuka zambarau. Si doa moja, si mawili: yote, pembe hadi pembe, kama padri wa Kwaresima!

Nikampigia Dokta. "Tumepata! Protini imefurika mpaka ukingoni!" Nikampigia na mama yangu kule Usoke. Akapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani nimeoa.

Dokta alifika anahema. Akaitazama karatasi. Akatafuta kiti.

"Gervasi, doa la kwanza ni yai la siku tatu. La pili, siku tano. La tatu je?"

"Siku saba!"

"Maji ya michembe."

"Ya… viazi?"

"Viazi vikavu. Niliweka makusudi, maana havina protini hiyo hata chembe. Kwa majibu yako, michembe ya Tabora inaota mabawa."

Mama Advera akajiziba mdomo kwa kanga. Haikusaidia, mabega yalimsaliti.

"Kingamwili ikikuta karatasi tupu hung'ang'ania popote," Dokta akaendelea, polepole, kama anayemfundisha mbuzi. "Maziwa ndiyo huifunika karatasi. Maziwa yako wapi?"

Masharubu yangu yalikuwa bado meupe.

"Dokta," nikajitetea, "somo la maziwa lilikuwa kwenye ile nusu ya diploma niliyobakiza."

Barua aliandika, simsingizii. Niliipeleka chuo mwenyewe, kifua mbele, na karani akaisoma kwa sauti foleni nzima ikisikia:

"Mrudisheni kijana huyu haraka, kabla hajanunuliwa kopo jingine la maziwa. Aanzie mwaka wa kwanza."