Mwenye Nyumba wa Ukurasa wa 88

Jumatatu, 4 Mei 2026

Beth amemaliza kile kitabu. Siku tatu mke wangu amekuwa akicheka peke yake jikoni, nikiingia ananyamaza. Leo amekiacha mezani, nikakichukua. Riwaya. Wageni wanne kutoka ng'ambo, mainjinia wa barabara, wamekwama kwenye nyumba ya kupanga hapa Ruiru siku tisa za maandamano. Wanasikia mabomu ya machozi nje ya ukuta na kuulizana maana ya maisha. Sawa. Lakini ukurasa wa 88 anaingia mwenye nyumba. Koti kwenye jua kali. Ufunguo wa geti shingoni. Anawauzia wageni maji, mtungi shilingi mia, na wanamwita Mzee Tanki.

Mimi nilikuwa na mainjinia watatu hapa Kimbo, mtaa huu huu wa Ruiru, mwaka juzi, maandamano hayo hayo. Mtungi ulikuwa mia. Ufunguo huu uko shingoni tangu 2011.

Nimehesabu. Kurasa 41 kati ya 312. Asilimia 13 ya kitabu ni mimi, na hakuna aliyeniomba ruhusa. Nimemwuliza Beth kama amenitambua. Amesema hapana, Mzee Tanki angalau ana huruma kidogo.

Jumanne, 5 Mei

Thika, kwa wakili Kimanzi. Ghorofa ya tatu, lifti imekufa. Nikamwambia nataka fidia. Akauliza kama kitabu kinanitaja jina. La. Basi, akasema, lazima wasomaji wawe wamenitambua. Nilete watu watano watakaoapa kwamba waliposoma habari za mwenye nyumba mnyonyaji, sura iliyowajia ni yangu. Nikamwambia watano ni kidogo, nitaleta kumi.

Nikiwa njiani kurudi ndipo nikakumbuka Jumamosi. Uchaguzi wa mwenyekiti wa kamati ya maji mtaani. Kaya 64, wagombea wawili, mimi na Kaloki wa buchari. Nimetoka chumba kimoja cha mabati hadi vyumba kumi na vinane, na sijawahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote, hata kamati ya mazishi. Mtaa ukijua mimi ndiye Mzee Tanki, nimekwisha. Kwa hivyo nataka mashahidi wanaonitambua lakini wasiopiga kura Kimbo. Ni hesabu tu.

Jumatano, 6 Mei

Ruiru mjini kuna kikundi cha wasomaji, hukutana juu ya mkahawa. Watu 14, kila mmoja na nakala yake. Nikakaa mbele, koti limefungwa vifungo vyote. Msichana wa chuo kutoka Juja akasema kitabu kinahusu upweke. Mwalimu mstaafu akakasirika: vijana wanakimbizwa barabarani na sisi tunaombwa tumlilie Mholanzi aliyeishiwa na kahawa. Mama mmoja akasema yeye alimlilia kweli, na hajutii. Wakabishana saa nzima, wageni hivi, wageni vile. Mwenye nyumba hakutajwa hata mara moja. Kurasa 41.

Nikainua mkono. Nikauliza, na yule mwenye nyumba je, hafanani na mtu mnayemjua? Nikasimama. Nikageuka ubavu. Nikautoa ufunguo nje ya shati. Mwalimu akapiga meza: ndiyo, ni mwenye nyumba wake wa zamani, yeye mwenyewe hadi kikohozi. Msichana akakataa, ni wa kwake Juja, anayefunga maji ukichelewesha kodi siku moja. Watu 14, wenye nyumba 14. Kuna aliyetoa picha kwenye simu. Mimi hakuna aliyenitazama, ila mhudumu aliyeuliza kama nitaagiza kitu au nimekuja kukalia kiti.

Alhamisi, 7 Mei

Nimepata aliyenitambua. Mmoja. Kaloki.

Alikuja getini na kitabu kwapani, mafuta ya nyama kwenye jalada. Akanisalimu: "Mzee Tanki, habari ya maji?" Akasema hajakimaliza, hao wageni wanamchosha, lakini ukurasa wa 93 ameusoma mara sita na Jumamosi atausomea mkutano kabla ya kura. Nikamwambia hiyo ni riwaya, ni mambo ya kubuni. Akasema basi sina la kuogopa.

Chakula cha jioni nimekiacha mezani. Kesi sitaki tena. Sasa nataka mtu wa kuapa kwamba si mimi.

Ijumaa, 8 Mei

Makongeni, kwa mwandishi mwenyewe. Anaitwa Mutheu, ana duka la vitabu vya shule na fotokopi. Nikamwonyesha koti, nikamwonyesha ufunguo. Akanitazama sana. "Mzee wangu," akasema, "mimi sikujui."

Mzee Tanki ni mama yake mzazi. Vyumba sita hapo hapo Makongeni, ufunguo shingoni, na hata yeye binti alilipia maji. Mama amekisoma kitabu na kusema huyo mwenye nyumba amefanana sana na jirani.

Nikaomba barua. Akaiandika papo hapo na kugonga muhuri wa duka: mwenye nyumba katika riwaya yangu si Bwana Absalom Mugo wa Kimbo, ambaye simjui. Hakunitoza kitu. Jioni nimekula sahani mbili.

Jumamosi, 9 Mei

Ukumbi wa kanisa, kaya 59 zimekuja. Kaloki akasoma kama mhubiri: barabara zimefungwa, mabomba yamekauka mtaa mzima, Mzee Tanki anasukuma mkokoteni alfajiri, mitungi arobaini, anadai mia mia. Watu wakacheka na kunigeukia. Nikasimama, nikaisoma barua yote, nikautaja na muhuri.

Ndipo Cucu Wamboi, mkongwe kuliko wote mtaani, akauliza kama huyo wa kitabuni aliwahi kuishiwa na maji. Kaloki akasema hapana, lakini bei. Cucu akamkata. Wiki tatu sasa mabomba yetu hayajatoa tone, kijana wangu, bei ya nini? Anayeleta maji barabara zikiwa zimefungwa, huyo ndiye anayemtaka yeye. Ukumbi ukapiga makofi.

Na mimi mkononi nimeshika barua yenye muhuri inayosema si mimi. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi. Nikamtazama Beth. Beth akasema kwa sauti, bila hata kuinuka, kwamba barua ya duka la fotokopi mtu yeyote anaweza kuipata.

Kura 37 zangu, 22 za Kaloki. Ngai, Mungu wangu, asante. Hakuna aliyeiamini barua.

Jumapili, 10 Mei

Kanisani wameniita Mzee Tanki mara tisa. Nimeitika zote.

Alasiri wamekuja wapangaji wapya wa nyumba ya mbele, mhandisi Mreno na mkewe. Beth aliniomba safari hii niwauzie maji kwa bei ya kila mtu. Nikamwambia mwenyekiti hawezi kujishusha. Nimewatajia mia, na mia mbili siku za maandamano. Yule mke akatoa daftari akaandika. Nikauliza anaandika nini. Akasema ni kitabu kidogo tu, kuhusu maisha ya huku.

Nimempigia Kimanzi simu, Jumapili hii hii, asiitupe faili yangu ya fidia. Kisha nikavaa koti, nikarudi kwa yule mke wa Mreno, nikamtajia jina langu kamili herufi moja moja, na nikangoja hapo hapo mlangoni hadi alipoliandika.