Gasketi Haikatiwi Utepe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma salamu kwamba hatafika, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani kutoka Mtwara mjini tangu alfajiri, Mheshimiwa Mtendaji wa Kijiji, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maji, Kamati Ndogo ya Injini, na Kamati Ndogo ya Kuifuatilia Kamati Ndogo ya Injini, zote zikiwa chini ya uenyekiti wangu mimi Hemedi, shehe wetu, wazee wetu, wakulima wa korosho za daraja la kwanza, la pili, na wale ambao korosho zao hazikupata daraja, ndugu zetu ambao babu zao walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji na leo wanatudai maji kwa Kiswahili fasaha kuliko changu, mke wangu Bi Nuru, ambaye amechagua kukaa mstari wa mwisho na kunipa mgongo, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya mtu mmoja. Ni mjumbe wa Kamati Ndogo.)

Ndugu wananchi wa Namidondi, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, ambao hakuna kiongozi mwingine katika kata hii anayeufikia, ili kuwasilisha taarifa ya utekelezaji kuhusu injini ya pampu yetu, ile iliyochemsha siku ya kilele cha Wiki ya Maji mbele ya wageni. Yamesemwa mengi. Imesemwa kwamba Fundi Domingo alikuwa ametenga dumu la maji ya mvua kwa ajili ya rejeta, kwa sababu maji ya kisima chetu yana chumvi, na kwamba kuna mtu alilichukua dumu lile wageni wakanawia mikono kabla ya pilau. Ndugu zangu, mtu huyo ni mimi, na naomba iingie kwenye kumbukumbu kama uongozi wa maamuzi magumu, kwa sababu mgeni hali pilau na vumbi mkononi. Wageni wakanawa, wakala, wakasifu nyama. Injini nayo iliendelea kufanya kazi kizalendo, ikiwa kavu, mpaka ilipotoa moshi mweupe, ambao mimi niliwaambia wageni kuwa ni sehemu ya shamrashamra. (Vicheko. Mzee mmoja anakohoa hadi anashikiliwa.)

Nacheka nanyi, maana kiongozi asiyejicheka huchekwa pembeni, na mimi nachekwa huko kote. Lakini turudi kwenye mada. Baada ya tukio, kamati iliwashirikisha wadau wa kiufundi. Fundi Domingo aliifungua injini, akaitazama, akasema, nanukuu, "Mwenyekiti, gasketi imeungua na hedi, kile kifuniko cha injini, imepinda kidogo. Nipe nauli nikaisawazishe hedi mjini, tuweke gasketi mpya, keshokutwa mnakunywa maji." Fundi Godfrey, wa kule karibu na bandari, akasema hapana, injini iliyochemka kiasi kile ishushwe yote, ovaholi kamili, pistoni mpya, ringi mpya, beringi mpya, la sivyo itarudi palepale. Kwa kweli hata sasa sijui nani alikuwa sahihi. Inawezekana wote wawili. Waliokuwa wanabishana ni mafundi, ila aliyepewa jukumu la kuamua ni mimi, ambaye mpaka siku ile nilidhani gasketi ni aina ya biskuti. (Vicheko virefu.)

Hapo ndipo kamati ilipoingia kwenye mchakato. Tulifanya upembuzi yakinifu. Tulifanya tathmini shirikishi, tukabaini kwamba injini ni nzima kwa asilimia tisini, na asilimia kumi iliyobaki ni zile sehemu zinazozunguka. Tulikwenda ziara ya mafunzo Msimbati, tukaangalia mitambo ya gesi kwa nje ya uzio, tukajifunza kwamba uzio ni mzuri. Tukarudi na hoja moja nzito, ambayo naiweka mbele yenu bila kificho: matengenezo ya nusu hayana uzinduzi. Utamwita nani kutoka mjini aje kuzindua gasketi? Gasketi haikatiwi utepe! Lakini ovaholi kamili, ndugu wananchi, ina jiwe la msingi, ina awamu, ina fulana. (Sauti ya Bi Rukia: "Maji je, yana nini?") Swali zuri sana, Bi Rukia, tumelipokea, litajibiwa kwa maandishi.

Msidhani mimi ninaishi peponi. Nyumbani kwangu mke wangu amesitisha huduma ya kunichotea maji mpaka atakapoona kitu kinatoka kwenye bomba, na nilipoomba muda wa mpito akanionyesha njia ya kisimani. Kwa hiyo tangu pale nimepunguza kuoga kwa asilimia themanini, kama mchango wangu binafsi kwa mradi. Wajumbe wa meza kuu wanaojisogeza mbali nami nawaona, na nawaelewa. (Bi Nuru hageuki, lakini mabega yake yanatikisika.)

Natangaza rasmi: kamati imeridhia ovaholi kamili, itakayotekelezwa kwa awamu, ikitanguliwa na nusu ya matengenezo ya nusu, ili tupate ile wataalamu wanayoiita value for money, yaani thamani ya fedha...

(Nesi Agnes wa zahanati amesimama katikati ya watu. "Mwenyekiti, samahani. Utaratibu unaujua, mjamzito anakuja na ndoo zake mbili za maji. Binti yako Sharifa yuko kwangu tangu asubuhi, uchungu umeshaanza, kaja mikono mitupu. Matangi yangu makavu. Nitamsafisha na nini mtoto?")

Nakushukuru, Nesi Agnes, kwa mchango wako. Suala la ndoo mbili liko kwenye mpango mkakati, na... Sharifa? Amefika lini? Mbona hakuniambia? (Sauti ya Bi Nuru, bado kaupa mkutano mgongo: "Angekwambia lini, na wewe uko kwenye vikao?")

Ndugu wananchi, naomba radhi, karatasi zimechanganyika. Naogopa, nisiwafiche. Yule ni mwanangu wa kwanza. Nafupisha. Namidondi oyee! (Watu wanamtazama Nesi Agnes.) Maji bombani, kamati kazini! Ovaholi juu! Juu zaidi! (Mjumbe wa Kamati Ndogo ananyanyua mkono, kisha anaushusha.)

Kwa kumalizia, natoa shukrani. Namshukuru Fundi Domingo kwa ushauri, na Fundi Godfrey kwa ushauri, na nawaomba radhi wote wawili kwa kuwa hakuna aliyeitwa tena. Namshukuru kipekee mnunuzi wa chuma chakavu, aliyepita kijijini wakati kamati ikiwa bado kwenye majadiliano, akaipima injini yetu na kutulipa papo hapo, kwa sababu mkutano wa kuamua kati ya nusu na kamili haukuwa na fungu, na kamati isingeweza kuwaita wananchi waje kuamua wakiwa wamesimama. (Watu wanatazamana.) Ndiyo. Viti hivi vipya vya plastiki mnavyoviona, vya bluu, ndiyo injini. Mmeikalia. (Watu wanaanza kuinuka, mmoja mmoja, wakitazama walipokuwa wamekaa. Bi Nuru amegeuka.)

Nuru, usiniangalie hivyo. Jafari muuza maji yuko pale na baiskeli yake, ana ndoo mbili zilizojaa, na amekubali kubadilishana. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Wale mliobaki kwenye viti viwili vya mbele, nawaomba msimame.