Jicho la Tanuri

Jumatatu, 3 Machi
Daftari, hatujambo. Baba watoto hajambo, mgongo tu. Mama mkwe hajambo, ulimi ndio mzima zaidi. Binti hajambo, tumbo limeshuka, karibu anajifungua. Mume wake, mkwe wangu, hajambo, ndiye fundi wetu. Anayeumwa ni tanuri la mikate.

Mkwe alilifungia jicho la kioo. Likiona mwanga wa moto, gesi inapita. Lisipouona, linaifunga gesi. Leo linaifunga ilhali moto nauona kwa macho yangu. Mkwe kasafiri, na Alhamisi hospitali inachukua mikate ya wagonjwa. Nikikosa, kazi anapewa wifi wa ng'ambo ya barabara, naye anaoka mikate. Keshapita kuuliza kama siku hizi nauza unga mbichi.

Jumanne, 4 Machi
Jicho linataka mwanga? Nimelimulika tochi. Tanuri likagoma hata kuwaka. Kwenye simu mkwe kasema likiona mwanga kabla ya moto, linajua kuna hatari. Kumbe lina akili kunishinda. Kanisihi, mama, usiliguse, kesho nafika. Nikamwambia sawa mwanangu.

Jumatano, 5 Machi
Leo nimewasha kwanza, ndipo nikaifunga tochi mbele ya jicho kwa kamba ya aproni. Safi. Nikafungua dirisha wifi anione nikicheka.

Upepo ukazima moto. Jicho likaona tochi, gesi ikazidi kumwagika. Mkwe ndiye aliyenusa, begi bado mgongoni. Kafunga mtungi, katutoa nje sote, mama mkwe na taulo lake. Hakunigombeza. Kakaa chini barabarani, akasema mama, mwanangu hajazaliwa bado. Wifi kaniletea maji bila neno la kejeli. Hilo limenitisha zaidi.

Baadaye mkwe kalifuta jicho kwa kitambaa. Lilijaa unga. Unga tu.

Alhamisi, 6 Machi
Mikate imetoka, wagonjwa wamekula. Mkwe kaniapisha nisishike tochi tena, na unga nichekechee uani. Nimeapa.

Ijumaa, 7 Machi
Uani kuna jua. Nimechekechea palepale mbele ya tanuri, kidogo tu. Jicho limefunga tena. Sasa nimeelewa: si unga, ni uzee. Tochi sijaishika, kiapo ni kiapo. Nimelivisha miwani yangu ya zamani. Bado linafunga.

Nimemtumia dada ujumbe: ile miwani ya marehemu shemeji, yenye vioo vinene, bado anayo? Anijibu upesi, kabla mkwe hajarudi, mikate imeshaumuka.