Ombi la Kupiga Marufuku Viberiti Mlabani

Mlabani, Ifakara
Jumanne, 22 Mei 1956

Kwa Bwana Jumbe Sebastiani,

Kwa kuwa mimi ni mkubwa kwako kwa miaka kumi na miwili, na nilikuona ukijifunza kutembea, shikamoo yangu naitoa kwa kiti unachokikalia. Wewe mwenyewe nakusalimu hujambo tu. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto na hili jambo ninalokuandikia.

Jambo lenyewe ni viberiti. Naomba vipigwe marufuku hapa Mlabani, na ukipata nafasi, bonde zima mpaka Kisawasawa. Najua utashangaa. Nakusihi usiiweke barua hii chini kabla hujafika mwisho, kama ulivyoifanya ile niliyokuandikia juu ya jogoo wa Balbina.

Unanijua. Nilikuwa karani wa kivuko miaka kumi na tisa, na hakuna lori lililovuka mto bila mimi kuliandika daftarini, na mzigo wake, na saa yake. Tangu nistaafu sina malori, lakini mkono umezoea, basi naandika kinachopita uani kwangu. Na kilichokuwa kikipita uani kwangu ni Mama Digna.

Mama Digna, yaani Katarina, ni mjane mpika vitumbua, na nyumba yake iko hatua thelathini na nane kutoka kwangu. Nimezipima mara nyingi. Kwa miaka saba, kila asubuhi kengele ya kwanza ya misheni ikilia, alikuja na kigae chake kupalia moto kwangu ili akapikie. Alisimama mlangoni akasema, "Hodi, Mzee Polikarpo. Moto upo?" Nami nikajibu, "Upo, mama. Karibu." Alichukua makaa yake, akaenda, na jua likichomoza aliniletea kitumbua kimoja, tena kila siku ni kile kilichoungua upande mmoja. Vizuri aliwauzia watu baki. Kilichoungua alikileta kwangu, kwa sababu mtu wa nyumbani haonewi haya.

Bwana Jumbe, wewe umeoa. Niambie, ni mume na mke gani hapa Mlabani wamewahi kuzungumza miaka saba bila kupishana neno hata moja? Mimi niliona shauri limekwisha, amebaki padre tu. Halafu vikaingia viberiti.

Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili karani wako asipate taabu.

1. Jumatatu ya Pasaka kengele ililia na sikusikia hodi. Nilisikia kitu kingine, kama mtu anakwaruza sufuria kwa ukucha. Nikachungulia uani kwake (si kwa ubaya, tundu kwenye ua lilikuwepo, mimi nililipanua tu) nikaona moto unawaka kwenye mafiga yake, moto ambao haukutoka kwangu. Niliumia sana. Nilirudi ndani nikakaa na moto wangu mkubwa, mimi nao tunatazamana.

Wapo watakaokuambia kwamba sababu ni lile jambo la Jumapili ya Pasaka. Nalitaja kwa kuwa mimi ni mkweli. Nilikuwa nimemwomba Mwalimu Theodori wa dini aandae tangazo la ndoa la Katarina na mimi, nikamwambia bibi harusi nitamjulisha mwenyewe siku za mbele. Theodori hana akiba ya maneno. Baada ya misa akampa Mama Digna hongera mbele ya wanawake wote. Mama Digna alisema neno moja la Kindamba ambalo siliandiki hapa, akaenda zake kwa haraka. Mimi nilidhani ni haya. Kwa vyovyote hilo halihusiani na viberiti, tuliache.

2. Mwenye kosa ni Mwinyimvua wa dukani. Ukinunua sukari kwake anakuwekea kiberiti juu kama bakshishi, huku anatabasamu. Mtu mwenye nia njema atabasamuje huku anazima mioto ya watu? Nilisimama mbele ya duka lake siku tatu, na daftari langu, naandika kila mwanamke aliyetoka na kiberiti. Siku ya tatu akaniuliza, "Mzee, unanunua au unawalinda wateja wangu?" Nikanunua chumvi ili asinishuku. Sasa nina chumvi ya kutosha kijiji.

3. Kiberiti kina madhara kwa afya. Ijumaa Mama Digna alikohoa mara tatu na Jumamosi mara mbili. Miaka yote aliyotumia moto wangu hakuwahi kukohoa, au kama alikohoa, alikohoa kwa raha.

4. Moto wangu sikuuacha ufe, kwa sababu itakuwaje akirudi siku moja akakuta majivu? Lakini unajua masika ya mwaka huu. Kuni zote zililowa. Ikabidi nichome mpini wa jembe, halafu ngazi ya ghala, halafu mbao mbili za kitanda, upande nisioulalia. Wiki iliyopita nimechoma kiti cha wageni. Kiti hicho nilikitengeneza kwa ajili yake. Kwa hiyo sasa hata akija hana pa kukaa, na hasara hiyo yote ni ya viberiti.

5. Hili ndilo kubwa, na nakuomba ulisome polepole.

Siku mke wangu Domitila alipofariki, miaka saba iliyopita, ilikuwa alfajiri, mvua inanyesha, nami nilikaa kando ya kitanda nisijue la kufanya. Moto ulizimika bila mimi kuona. Aliyejua kwamba kuna msiba nyumbani kwangu ni Mama Digna, kwa kuwa siku hiyo moto wake ulikuwa umezimika, akaja na kigae akakuta majivu. Aliweka kigae chini, akamfumba Domitila macho, akanifunika mimi blanketi, ndipo akaenda kuwaita watu. Jioni yake moto uliowaka kwangu ulitoka kwake.

Sasa mtu mwenye kiberiti ana haja gani ya kupiga hodi kwa mwenzake? Mpunga unaiva, watu wamehamia mashambani kuamia ndege, na mstari wetu wote tumebaki nyumba mbili, yangu na ya Mama Digna. Nikifa Jumatano nitajulikana lini? Jumamosi? Na atakayenigundua ni nani, mbwa wa Yunusi? Hapa sifanyi mzaha, Bwana Jumbe. Ninaogopa. Nilikuwa na mtu mmoja duniani aliyeniuliza kitu kila asubuhi, na sasa sina.

6. Namba sita nilikuwa nayo, ila inarudia namba moja.

Kwa sababu hizo naomba haya. Kiberiti kisiuzwe kwa mwanamke yeyote aliye na jirani mwenye moto. Wavuvi walio kambini mtoni waruhusiwe, maana jirani zao ni viboko, na kiboko humwendei na kigae. Viberiti vilivyokwisha kununuliwa vikusanywe barazani kwako vichomwe mbele ya watu wote. Moto wa kuvichomea nitautoa mimi bila malipo.

Tena, kama Serikali ilivyotuletea Bwana Shamba na Bwana Afya, naomba kianzishwe cheo cha Bwana Moto, nami nipewe. Nitahitaji kaptula ya kaki na filimbi. Kazi yangu itakuwa kupita kila nyumba asubuhi na kuuliza kama moto upo. Kwa ajili ya goti langu nitaanza na nyumba iliyo karibu, na baadhi ya siku huenda nisifike mbali zaidi ya hapo.

Ukishindwa wewe nitamwandikia Bwana Shauri, mkuu wa wilaya huko Mahenge. Akishindwa yeye nitamwandikia Malkia, ambaye ni mwanamke, na nina hakika huko kwake naye huamka akaomba moto nyumba ya pili.

Naambatanisha kiberiti kimoja kiwe kielelezo. Nilikipata jana mchana kwenye dirisha la jiko la mtu nisiyemtaja. Utakitambua kwa uzi mwekundu uliokifunga, kwa kuwa kimepasuka pembeni. Ukivuta hewa karibu nacho utaelewa namba tatu.

Wasalimie wote nyumbani kwako, mama watoto na watoto, na wazee wa baraza hata wale wawili waliocheka mara ya mwisho nilipokuja. Mwalimu Theodori mwambie sina kinyongo naye. Balbina mwambie jogoo wake nimemsamehe, ingawa hajabadilika.

Ni mimi, mkubwa wako kwa umri na mdogo wako kwa cheo,

Polikarpo Dionisi
Karani wa Kivuko (mstaafu)

Nyongeza. Bwana Jumbe, nilikuwa nimekwisha kuibandika bahasha kwa punje za wali, nikasikia miguu inakuja mbio.

"Hodi! Mzee Polikarpo, upo?"

Ilikuwa sauti ya Mama Digna, na safari hii hakuuliza moto. Nikasema nipo. Akaingia na kigae mkononi, anahema, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, macho yamejaa machozi. "Nilijua umekufa," akasema. Akaniambia kwamba kila siku akiamka, hata baada ya Pasaka, hata alipokuwa hataki kuniona, hutazama kwanza moshi kwenye paa langu ndipo huwasha moto wake. Leo alitazama, akatazama tena, hakuna moshi.

Nikageuka nikaona mafiga. Majivu matupu. Nilianza barua hii kabla ya kengele, nikaandika kurasa nne na nyingine mbili nikazichana, na muda wote huo sikusogeza kuni hata mara moja. Moto niliouchomea kiti umezimika wakati naulalamikia.

Alipohakikisha kwamba mimi ni mzima, alikasirika. "Sasa moto uko wapi? Changu kiberiti panya kakibeba tangu jana. Vitumbua vyangu vitaiva saa ngapi?" Nilifikiri haraka. Kwenye mstari wetu hakuna nyumba nyingine yenye watu. Sikuwa na njia, Bwana Jumbe. Niliichana bahasha yako, nikatoa kielelezo, nikakikwaruza. Kiliwaka mara ya kwanza, na kusema kweli hakinuki vibaya kama nilivyoandika.

Mama Digna aliutazama ule uzi mwekundu. "Kumbe panya wangu anajua kusoma na kuandika," akasema. Halafu akacheka mpaka akashika mlango. Mimi sikucheka, nilikuwa napuliza moto, ila moyoni nilikuwa kama nimetuliwa mzigo.

Aliniambia pia kwamba kiberiti amekuwa nacho miaka yote saba. Alikuwa akija na kigae kwa sababu tangu asubuhi ile ya Domitila hakuweza kupika kabla ya kujua kama nimeamka. Kwa hiyo namba mbili ifute, na Mwinyimvua asijue kwamba niliiandika. Kuhusu tangazo la kanisani alisema, "Siku nyingine ukitaka jambo langu, uniulize mimi kwanza." Nimeyafikiria sana hayo maneno "siku nyingine".

Moto uliposhika alichukua makaa kwenye kigae. Kiberiti, ambacho ni chake, alikiacha juu ya barua hii. "Kaa nacho," akasema, "usinitie hofu tena."

Basi kielelezo hakimo kwenye bahasha, na marufuku naomba isubiri, au iwahusu watu wote wa Mlabani isipokuwa mimi. Cheo cha Bwana Moto bado nakitaka. Barua naipeleka hivi hivi kwa kuwa karatasi zimeisha.

Kitumbua kimeletwa sasa hivi. Kimeungua upande mmoja.